Kikaratasi Kisicho na Jina

Nakiri kosa langu mapema: rafiki yangu fundi saa aliponiambia anagawa urithi angali hai, nilimpongeza. Kumbe nilikuwa namchochea.

Dukani kwake, kila saa ya mteja hufungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Siku hiyo alirudi nyumbani na bunda zima. Kabati: Kaka Mkubwa. Kitanda: Kaka Mdogo. Hata vitasa vya vyumba vikaning'inia vikaratasi.

"Na dada?" akauliza mdogo.

"Dada yenu keshaolewa. Ana kwake."

Mkubwa akasema, "Baba, kiti changu hicho usikilalie, kitabonyea."

Mzee akacheka, kisha akainuka kitini.

Asubuhi yake akakuta kikaratasi kitupu kwenye kioo chake. Siku ya pili, kwenye kandambili. Vyote vimefungwa kwa fundo la mizunguko mitatu. Fundo hilo walilijua wawili tu: yeye, na binti yake aliyeishi mwendo wa siku mbili.

Alasiri moja alisinzia. Kuamka, kikaratasi kitupu kimefungwa mkononi mwake!

Mbio kwa jirani, karani wa kadhi.

"Jirani, nimekufa?"

"Maiti havai kandambili moja," karani akamjibu. "Keti. Mtu akiwa hai hakuna urithi. Unachowapa watoto leo ni hiba, yaani zawadi. Wape kwa haki, kisha uwakabidhi. Ukiandika jina tu na kitu kikabaki kwako, hiba haijatimia."

"Na binti?"

"Kwenye hiba usimruke. Na siku ukifa, fungu lake limo ndani ya Kurani: nusu ya fungu la kaka yake. Kuolewa hakulifuti."

Mzee akafungua vikaratasi vyote. Akamwita binti. Kila mtoto akakabidhiwa saa ya ukutani, zote za aina moja. Nyumba ikabaki ya baba.

"Mwenye haraka nayo atangulie yeye," akawatania.

Binti aliipakata saa yake kama mtoto mchanga.

"Ila mwanangu, vile vikaratasi ulivifungaje?"

"Vikaratasi gani, baba? Mie nimefika leo."

Saa zote tatu zikagonga kwa pamoja. Mzee akatia mkono mfukoni mwa shati. Vidole vikagusa uzi wa kikaratasi. Mizunguko mitatu.

"Aliyefunga hiki," akasema polepole, "namwomba ajitaje."

Watoto wakatazamana.