Kofi Lililopigiwa Makofi

Kitendawili!

Napigwa mbele ya watu, nao wananishangilia.

Mmeshindwa? Ni mwigizaji, wajukuu zangu. Haya, sasa niambieni kama niliyoyaona sebuleni kwangu yalikuwa maigizo...

PAAA!

Mjukuu wangu alipepesuka akagonga kabati langu la vyombo. Glasi zikamwagika sakafuni!

"Safi sana!" akasema mwenzao wa kamera.

Safi?!

Tuelewane kwanza. Mjukuu wangu anasoma mawasiliano, chuo kikuu cha kanisa. Walipewa zoezi la filamu fupi, mume anampiga mkewe. Wakaniomba sebule. Anayeigiza huyo mume ni mchumba wake kabisa, wanasoma darasa moja. Wenzake wanamwita Mchungaji, maana akishika maombi watu wanalia.

Tangu asubuhi niliwasikia wakielekezana. Mkono unapita hewani, binti anageuza uso, sauti ya kofi itawekwa baadaye kwenye kompyuta.

Sasa mbona sauti hii haikungoja kompyuta?

"Kata!" akasema wa kamera.

Mchungaji hakukata! Alimkamata nywele, akambamiza ukutani, mkono kooni. Mtoto anatapatapa, miguu inatafuta sakafu!

"Unanicheka mbele za watu, eh?" akamnong'oneza.

Hayo maneno, niliyoyasikia toka mlango wa jikoni, hawakuyafanyia mazoezi. Nikachomoa mwiko kwenye sufuria, nikamshushia wa mgongo! Wa pili wa kisogo!

"Bibiii! Umetuharibia!" akalalamika wa kamera.

Wote wakaangua kicheko. Mchungaji naye akacheka, anajisugua kisogo.

"Bibi yangu, haya ni maigizo tu jamani."

Nikamgeukia mjukuu wangu.

"Na hiyo damu mdomoni?"

"Rangi, Bibi."

Nikaigusa. Ilikuwa ya moto.

Siku ya kuonyesha filamu nikaalikwa chuoni, bibi wa mwiko! Wakasali kwanza. Kofi lilipotua, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mwalimu wao akasimama.

"Sijaona kofi la filamu likitoka hivi. Binti, mlilipigaje?"

Mjukuu wangu akamtupia jicho Mchungaji.

"Ni mazoezi, mwalimu," Mchungaji akadakia. "Na neema!"

Vicheko.

"Basi njooni mbele mrudie, wenzenu wajifunze."

Huyo! Akaruka jukwaani, anakunja mikono ya shati. Mjukuu wangu akamfuata, anaburuta miguu.

Mchungaji akainua mkono... Haujashuka bado, mtoto ameshajikunyata, kichwa amekificha kwa mikono yote miwili.

Hakuna aliyecheka.

"Simama vizuri, mpenzi," Mchungaji akasema, meno nje.

Wajukuu zangu, shikeni hili la mkongwe: anayekupiga, kisha akakufundisha na la kuwaambia watu, huyo kakupiga mara mbili. Usimfunike, hata kama kanisa zima linamsifu!

"Shusha mkono, wewe!" mwalimu akafoka. Kisha sauti ikapungua. "Binti... nilikuuliza. Lile kofi lilipigwaje?"

Mjukuu wangu akashusha mikono. Akawatazama wenzake, mmoja mmoja.

"Kama anavyonipiga siku zote, mwalimu."