Seva Chini ya Meza ya Kukatia

Kila asubuhi fundi cherehani aliwasha pasi, akafagia nyuzi za jana, kisha akaanza kukata sare za shule. Mama huyu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Vifungo vya mashati yaliyochakaa vilijaa mikebe mitano, na zipu mbovu zilikuwa na mkebe wao. "Iko siku zitafaa," alisema kila mara. Siku yenyewe ilikuwa haijafika kwa miaka kumi na minne.

Chini ya meza ya kukatia palikuwa na kompyuta kuukuu, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi. Hiyo ndiyo ilikuwa seva yao, yaani kompyuta iliyobeba tovuti ya kazi yao na kuwaonyesha watu walioifungua kwenye simu. Aliyeitunza ni binti yake. Alikuwa mrefu na mwembamba kama futi ya kupimia nguo, basi nyumba nzima ilimwita Futi.

Jumanne moja mwalimu mkuu wa shule waliyoishonea sare alipiga simu. Mzazi mmoja alikuwa amefungua folda fulani ya tovuti yao, akakuta mafaili yote yamejipanga mbele yake. Yalikuwa na majina ya wanafunzi, vipimo vya viuno, hata namba za simu za nyumbani. Mwalimu mkuu hakufoka. Alisema kwamba Ijumaa ataangalia mwenyewe, na akikuta mafaili hayo bado yanaonekana, sare za shule zitashonwa kwingine. Bila sare hizo, cherehani mbili kati ya tatu zingelala.

Futi alichomoa waya wa mtandao papo hapo. Kisha akaanza kulia kwa aibu.

"Kulia tutalia Jumamosi," Mama alimwambia. "Sasa kaniitie Bi Koleo."

Bi Koleo alikuwa fundi wa kompyuta, jirani wa mlango wa tatu. Alipewa jina hilo kwa sababu koleo halikutoka mfukoni mwake hata akienda harusini. Alivuta kigoda, akamuuliza Futi aliwasha nini siku alipoiandaa seva.

"Vyote, shangazi," Futi alijibu. "Nilifikiri iko siku vitafaa."

Mama aliinamia kitambaa chake. "Hayo maneno ni yangu," alikiri. "Mtoto kayanywa na uji."

Bi Koleo alicheka kidogo, kisha akaeleza. Seva ina vipande vya programu vinavyoitwa moduli, na kila moduli huipa seva kazi moja. Kuna moduli ambayo kazi yake ni kuorodhesha mafaili. Mtu akifungua folda isiyo na ukurasa wake wa mwanzo, moduli hiyo humwonyesha kila kitu kilichomo. Hakuna aliyeihitaji katika nyumba hii, lakini ilikuwa imewashwa.

"Kifungo kilicho mkebeni kinakaa tu," alisema. "Moduli iliyowashwa haikai. Inamjibu kila anayebisha hodi. Ikiwa na kasoro, mwizi atapitia hapo hapo, na wewe hukumbuki hata kama unayo."

Walianza kazi. Kwanza Futi alinakili faili la mipangilio, ili wakikosea waweze kurudi nyuma. Aliyahamisha mafaili ya wanafunzi nje ya folda za tovuti. Kisha akasoma moduli moja baada ya nyingine, na kwa kila moja Bi Koleo aliuliza swali lile lile: nani anaitumia? Wakikosa jibu, ilizimwa. Moduli thelathini na moja zilizimwa. Walipourudisha waya wa mtandao na kuijaribu tovuti, fomu ya oda iligoma. Hawakuwasha zote tena kwa hasira. Walitafuta moduli moja iliyohitajika, wakaiwasha, na Futi akaandika pembeni yake sababu.

Futi alijinyoosha mgongo akidhani wamemaliza.

"Bado," Bi Koleo alisema. "Hilo faili la mwanzo la mipangilio ulilitumia wapi kwingine?"

Futi alikumbuka. Alikuwa amelinakili kwenye seva ya duka la baiskeli la mjomba wake, na alikusudia kulitumia kila atakapoandaa seva nyingine. Kumbe kosa lilikuwa likisafiri naye. Basi alilibadilisha faili lenyewe: mwanzoni kila moduli isiyo ya lazima izimwe, na ya kuwashwa iwashwe kwa sababu iliyoandikwa. Jumatano alikwenda dukani kwa mjomba, akarekebisha na huko. Mama naye aliwapigia wazazi simu mmoja mmoja, akawaeleza kilichotokea na kuwaomba radhi. Wengine walimsema vibaya. Alivumilia akapiga simu inayofuata.

Ijumaa mwalimu mkuu aliingia, akasimama kando ya meza na simu yake. Alifungua anwani ya folda ile ile. Seva ilimkatalia. Akajaribu folda nyingine mbili, zote zikamkatalia.

Mwalimu mkuu alitoa bahasha mkobani, akaiweka juu ya kitambaa cha bluu. "Vipimo vya darasa la kwanza," alisema.

Mama aliifungua na kusoma jina la kwanza kimoyomoyo. Futi alikwishashika kompyuta, tayari kuandika.

"Ngoja," Mama alimwambia. "Kwanza nieleze utaviweka wapi vipimo hivi, na nani ataweza kuviona."