Simu ya Ngusa Ndani ya Maikrowevu

Rafiki yangu Ngusa, fundi wa Bariadi, si mwoga kama mimi ninayekimbia hata mbuzi akikohoa, ndiyo maana naamini aliyonisimulia. Asubuhi ile alikuwa kibandani akitengeneza maikrowevu ya Mama Zengo, ambayo komeo la mlango wake lilikuwa halishiki. Mkewe Rachel alikuwa hospitali kwa uchungu wa uzazi, na wauguzi walikuwa na namba ya Ngusa.

Alinyoosha springi, kisha akafanya kipimo chake cha siku zote: akatia simu yake ndani na kufunga, ili aipigie kwa simu ya Mama Zengo.

"Ikiita, mama, ujue mlango unavuja."

Komeo likashika, ta! Mlango ukagoma kufunguka.

"Ng'wanawane, mwanangu, umejifungia simu!" Mama Zengo akacheka. "Hospitali wakipiga utapokelea wapi?"

Hapo hapo simu ikaita. Ngusa akachomeka bisibisi, akavuta, akapiga ngumi mpaka vidole vikatoka damu. Kupitia kioo aliona mwanga wa simu ukiinuka polepole kutoka kwenye sahani, ukazibwa, kama mtu ameiweka sikioni. Mlio ukakoma. Mle ndani kukawa giza tupu.

"Ndiyo, sista," ikasema sauti ya Ngusa mwenyewe, ndani ya lile giza. "Mimi ndiye baba yake."

"Siyo mimi!" Ngusa akapiga kelele. "Sista, siyo mimi!"

"Nimeshafika, niko hapo mlangoni," sauti ikaendelea kwa upole. "Nipeni mtoto."