Mvumo wa Friji

Jua lilikuwa linazama, nami nataka kufunga studio nikanunue mkate, shemeji alipoingia. Ni mke wa marehemu kaka yangu. Alikuwa ameishika simu ya mumewe kwa mikono miwili.

"Shemeji, nisaidie. Alijirekodi kabla hajafa, lakini hasikiki, friji inavuma tu. Nataka mwanangu aijue sauti ya baba yake."

Friji tena! Siku zake za mwisho kaka alihamishia godoro jikoni, akawa analala ameiegemea. Alidai kuna bibi kizee anamwita, na kwamba penye mvumo hampati. Tukasema ni homa. Tukamtania kuwa analinda nyama.

Kazi yenyewe si kubwa. Unatafuta kipande ambacho mtu haongei, mvumo uko peke yake, unaiambia kompyuta kwamba huu ndio uchafu. Inaukariri, kisha inaufuta kote. Nikachagua, nikabonyeza. Na kwa haraka zangu za mkate nikahifadhi juu ya rekodi ile ile ya mwanzo, bila kubakiza nakala.

"Weka tusikie," shemeji alinong'ona.

Kimya...

Kisha kaka, sauti safi, kama amekaa katikati yetu. Shemeji akaanza kulia.

"Mdogo wangu, najua watakuletea wewe. Usiutoe huu mvumo. Ndio unaonificha."

Nikabonyeza kuurudisha. Haukurudi.

"Mdogo wangu... umeutoa?"

Chumba kikanuka udongo mbichi. Ndani ya spika mtu akavuta pumzi, taratibu.

Hakuwa kaka.

"Asante, mwanangu," ilisema sauti ya kikongwe. "Nilikuwa simsikii alipo."

Kaka akapiga ukelele. Ukakatika.

"Na huyo anayelia hapo ni nani?"

Nikang'oa waya ukutani. Shemeji alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja.

Tangu siku hiyo redio ya kwake haizimwi. Ameiweka pasipo na stesheni, inakoroma usiku na mchana, na mtoto analala ubavuni pake. Yule bibi ni nani, alimtakia nini kaka, sijui. Naogopa tu, tena sana.

Jana jioni umeme ulikatika mtaa mzima. Simu yangu ikaita. Ni shemeji. Alikuwa anavuma kwa mdomo, "mmmmm...", na mtoto akimfuatisha kwa kasauti kake.

Kila walipokatiza kuvuta pumzi, nilimsikia mtu wa tatu akiuliza kwa upole:

"Mko chumba gani?"