MIKWARUZO MITATU JUU YA PAA

"Ni yeye! Mama Kai ndiye aliyelikwaruza!"

Kidole cha Lenox kilinielekea mimi. Mbele ya mteja, mbele ya mafundi wote, mbele ya mume wangu…

Jamani, mimi naitwa Dama. Napaka rangi magari kwenye gereji ya mume wangu Randu, hapa Mishomoroni. Lenox ni fundi wetu, na kupiga rangi nilimfundisha mimi. Mimi!

Mteja alikuwa Mzee Gershom, mwenye magari ya kutembeza watalii. Ijumaa alituletea moja nipake rangi mlango, lile ambalo paa lake ni gumu lakini linavuliwa na kuwekwa kando. Na alikuwa ameniahidi: kazi hii ikitoka vizuri, magari yake yote nitayapaka mimi.

Jumatatu nikaingia kazini nikakuta paa limeshavuliwa, limelazwa juu ya matairi makuukuu, limefunikwa turubai. Sikuligusa. Nikapaka mlango wangu.

Jumanne mzee akaja, turubai likafunuliwa… Lo! Mikwaruzo mitatu mirefu!

"Jana alikuwa analivuta peke yake kwenye simenti," Lenox akasema.

"Muongo! Haki ya Mungu sijaligusa!"

Nikamgeukia Randu anitetee. Randu alikuwa anatazama simu.

"Dama," mzee akasema, "litengeneze kabla ya Ijumaa. Na yale magari mengine, sahau."

Alipoondoka, Randu akanishika bega.

"Mama Kai, kubali tu yaishe."

Yaishe?! Jina langu limechafuka, ndio yaishe? Nililia, halafu machozi yakakauka, ikabaki hasira. Nikaapa Lenox atajuta kunijua.

Jumatano asubuhi nikachukua msasa wa maji nianze kusawazisha. Kwanza nikaipapasa ile mikwaruzo kwa kidole, ndivyo ninavyofanya kazi siku zote.

Wapendwa, mkwaruzo una mahali unapoanzia. Huanza mwembamba, kisha unazama. Hii ilikuwa imeshazama tangu ukingo wa mbele wa paa.

Haikuanzia pale!

Nikaenda kwenye gari lenyewe, limesimama kichwa wazi. Kwenye fremu, juu ya kioo cha mbele… vidonda vitatu vidogo. Nikapima nafasi kwa vidole. Ni ile ile!

Nikaweka msasa chini, nikapiga simu.

"Mzee, shikamoo. Njoo mara moja. Na uje na hasira zako zote."

Alipofika nikaita mafundi wanne.

"Lirudisheni paa juu ya gari."

"La nini sasa?" Randu akadakia.

"Lirudisheni!"

Likakaa. Mikwaruzo ya fremu na ya paa ikaungana, mistari mitatu kutoka mbele hadi nyuma.

"Simenti gani hiyo inapanda hadi juu ya kioo?" nikauliza kwa sauti, hata majirani wasikie.

Mzee akainama, akatazama sana.

"Paa lilikuwa juu ya gari," akasema polepole. "Na gari lilikuwa linatembea. Hii ni kazi ya tawi la mti."

Nikamkabili Lenox. Sitawaficha, nilisikia raha!

"Haya sema! Gari la watu ulilipeleka wapi?"

"Mimi? Madam, mi hata kuendesha sijui!"



Ni kweli. Gereji nzima inajua. Lenox husukuma tu magari, na sisi humcheka kila siku.

"Basi mbona ulininyooshea kidole?"

Akamtupia jicho Randu.

"Bosi ndiye aliniambia. Alisema wewe ni mkewe, huwezi kufutwa kazi. Ningekataa, ningefutwa mimi."

"Na funguo hukaa na nani?" mzee akauliza.

Funguo hukaa mfukoni mwa mume wangu.

Yakamtoka Randu yote pale pale. Jumapili aliniaga kuwa ana kikao cha matanga. Kumbe alivuka feri kwenda harusini Mtongwe na gari la Mzee Gershom, akiwaringia watu kuwa ni lake, akapita chini ya mkwaju ulioinama!

"Mama Kai, nilitaka tu nionekane mtu mbele ya wenzangu…"

Na mimi nionekane nani?

Mzee akanigeukia. "Dama, magari yangu ni yako kuyapaka. Si ya gereji hii. Yako wewe. Lakini hili paa je?"

"Rangi nitapaka mimi, mzee. Msasa atapiga aliyekwenda harusini."

Saa saba mchana, jua la utosini. Randu kapiga magoti anasugua kwa mkono, mafundi wake wanamtazama, na akina mama wa chapati wamehamia ukutani kwetu. Mimi nimekaa kitini nanywa dafu. Lenox nilimsamehe nusu. Ndiye aliyekwenda kuninunulia hilo dafu.

"Mama Kai, mikono imekufa ganzi. Nisamehe, mke wangu."

Nikainuka. Nikamshika bega, vile vile alivyonishika mimi.

"Kubali tu yaishe."

Ndugu zangu, mtu akikunyooshea kidole, usizimalize hasira zako zote kwake. Mbakishie na yule aliyenyamaza huku amekushika bega.