Aliyeshuka na Mzigo wa Pili

Haya yalimkuta mume wa mdogo wangu, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo asije mtu akasema nimesimuliwa. Nyumba ya Corinna na Harlan Stiltner ni ya mwisho kabla lami haijakatika. Ukivuka uzio wa nyuma umeshaingia msitu wa taifa, mali ya kila mtu. Watu wa mjini huendesha gari siku nzima kwenda mbali kutafuta kulungu. Harlan alikuwa akifunga shanta mgongoni, akimbusu mkewe, na mchana unamkuta mahali ambapo mwindaji mwingine hana magoti ya kupafikia.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa magari. Alinuka oili, kahawa na tumbaku ya kutafuna yenye mnanaa, hata akipita umefumba macho ungemjua. Mtoto wao Opal, aliyekuwa hajaanza hata kutambaa, hakukubali usingizi mpaka alazwe kifuani pake. Lakini Novemba, msimu wa kuwinda, ikikaribia, Harlan aliitangazia vita harufu yake mwenyewe. Wawindaji wa kwetu wote tunajua kwamba kulungu akisikia kijiti kimevunjika anaweza kusimama kuangalia, lakini akishakunusa hutamwona tena. Kwa hiyo tunafua kwa sabuni isiyo na manukato, tunaacha tumbaku, na nguo za kuwindia tunazifungia kwenye kontena la plastiki pamoja na majani ya huko tunakokwenda, zipate harufu yake.

Mwaka ule Harlan alizidisha. Mwishoni mwa kiangazi alipanda hadi Bonde la Tackett, ambako zamani waliishi watu kabla serikali haijanunua ardhi na kuwahamisha. Imebaki dohani ya mawe tu, imesimama bila nyumba, na mitufaha iliyogeuka ya porini. Harlan alizoa majani chini ya mitufaha ile. Kisha akaingiza mkono ndani ya meko yaliyo chini ya dohani, akachota majivu na udongo. Nguo zake zilikaa na vitu hivyo ndani ya kontena wiki nyingi.

"Unanuka nyumba ya watu," Corinna alimwambia asubuhi tuliyoondoka, ameziba pua.

"Ndiyo, wanione mwenyeji," Harlan akajibu. Akanigeukia. "Wewe je, shemeji, mbona unanuka kitunguu?"

"Nanuka mtu aliyekula kwake."

"Basi leo utawinda kwa darubini."

Corinna alicheka mpaka mtoto naye akacheka. Nyumba ile ilikuwa na raha kweli, na kila nikikumbuka kicheko kile naumia.

Tuliacha pikapu yangu njia ya miguu inapoanzia, tukapanda taratibu na hema letu, tukalala chini kidogo ya bonde. Alfajiri Harlan akaenda kukaa chini ya dohani, mgongo kwenye mawe. Mimi nilivuka kijito nikakaa upande wa pili, nikiwa namwona vizuri. Nikatoa kichupa cha unga tunaopimia upepo, nikakibinya. Asubuhi, jua likianza kupasha mlima, unga hupanda juu. Ule haukupanda. Ulikwenda moja kwa moja kuelekea dohani.

Nikabinya tena. Ukaenda kulekule. Halafu ukasimama hewani, ukarudi usoni pangu taratibu. Ukaenda. Ukarudi. Nilijiambia ni upepo wa bondeni, una kawaida ya kuzunguka. Lakini nilikuwa nimeanza kuvuta pumzi pamoja nao bila kutaka.

Kulungu wakaja kula matufaha. Dume kubwa likatoka kati ya majike, likamwendea Harlan, likamnusa mkono wa koti. Tangu nizaliwe sijaona kitu kama kile. Harlan hakutikisika. Mara wanyama wote wakainua vichwa, wakatazama dohani. Wakasogea pembeni, huku na huku, kama watu wanaompisha mwenye nyumba. Njia ikawa wazi mpaka alipokaa Harlan. Hakupita mtu.

Ndipo risasi ikalia.

Nilipomfikia, dume lilikuwa limelala, na Harlan alikuwa ameshika shingo yake mwenyewe.

"Shemeji," akanong'ona, "kuna mtu kaninusa hapa."

"Si hilo dume?"

"Dume lilikuwa mbele yangu."

Nilimwambia ni baridi tu, tufanye kazi twende zetu. Tukachuna. Kama ilivyo desturi yetu, mimi nikatangulia na mapaja kwenda kwenye pikapu, yeye akabaki kumalizia nyama ya mbavu na kufungasha hema, afuate na mzigo wa pili. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa amepiga magoti, amenipa mgongo, akinoa kisu.

Alichelewa. Jua lilikuwa linazama alipotokea kwenye njia, shanta imejaa mgongoni, hatua nyepesi. Nilimsaidia kuitua nikashangaa uzito wake. Hakuwa anahema.

Tukapanda garini, vioo juu kwa ajili ya baridi. Mtu amekaa na nyama na damu, ametoka jasho siku mbili. Nikanusa. Nilisikia harufu yangu mimi. Upande wake hapakuwa na kitu.

Nyumbani, mbwa wao jike, Sadie, alikimbia kutupokea. Akanirukia mimi. Kwa Harlan akafika, akanusa viatu, akanusa magoti, akanusa mikono yote miwili. Hakubweka. Alimpita tu, akaenda kukaa kwenye uzio wa nyuma, akatazama mlima.

Opal alipowekwa kifuani pake alilia mpaka akapaliwa.

"Atazizoea ndevu," Harlan alisema. Sauti ilikuwa yake, na hata ule mzaha ulikuwa wake.

Wiki ile sitaisahau. Alirudi kazini, akashinda chini ya magari, akatoka mweusi kwa girisi. Ukimkaribia, hakuna. Alitafuna tumbaku, akamwagia kahawa shati lake, akala vitunguu vibichi huku machozi yanamtoka. Hakuna. Corinna alinipigia simu akiongea chini chini.

"Kaka, nikiwa nimempa mgongo sijui kama yumo chumbani."

"Ni zile sabuni zenu."

"Mtoto anamwogopa. Na mimi pia," akasema. "Mume wangu mwenyewe. Nifanyeje?"

Harlan mwenyewe alikuja kwangu Ijumaa baada ya kazi. Alikaa kwenye ngazi, kofia mkononi, akanieleza kwamba anaona anapoteza nyumba yake akiwa ndani yake. Kwamba mkewe anahamia sebuleni na blanketi. Kwamba mbwa habanduki kwenye uzio. Nilimhurumia sana, kwa sababu tangu aoe kwetu nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

"Nilichukua harufu ya watu wa kule bondeni," akasema. "Nikaivaa. Labda nao walitaka kitu. Nisindikize tukairudishe."

Kesho yake asubuhi tukapanda, safari hii bila bunduki, yeye amebeba kontena lenye majani na majivu. Kwenye mitufaha ya kwanza akasimama, akanipa kontena.

"Mwaga wewe, shemeji. Mimi nitangoja hapa."

Sikumuuliza kwa nini. Nilikwenda peke yangu mpaka kwenye dohani nikamwaga kila kitu ndani ya meko, nikakung'uta mpaka vumbi la mwisho. "Chukueni chenu," nikasema. "Tupeni chetu." Majivu yalitulia. Ndani ya mawe pakasikika kama mtu aliyebana pumzi muda mrefu akiiachia. Nikaondoka haraka, nikakaribia kuanguka.

Harlan alikuwa palepale. Nilimkumbatia, nikaweka pua yangu begani pake.

Hakuna.

Tukashuka. Mimi nilikuwa nimekata tamaa, na nadhani yeye alijua.

Tulifika alasiri, jua bado linawaka vizuri. Sadie hakuwepo kwenye uzio. Nilisukuma mlango wa jikoni, Harlan nyuma yangu. Corinna alikuwa anakaanga mayai na mkate wa mahindi upo mezani, na upande wa uso wake niliouona ulikuwa na nuru ambayo sikuiona wiki nzima. Hakugeuka.

"Taratibu, kaka," akanong'ona. "Harlan amelala."

Nilibaki nimeshika kitasa.

"Kaja mlipotoka tu, mmepishana," akaendelea. "Miguu imechubuka yote. Anatetemeka. Anasema alikuita wiki nzima, na wewe ulimwacha mlimani." Akageuza mayai. "Kaka, ulimwachaje?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Niliona miguu miwili imefungwa vitambaa, nyayo zimepasuka. Opal amelala juu ya kifua kinachopanda na kushuka. Sadie amejilaza kitandani, kitu alichokatazwa siku zote, kidevu juu ya goti la mtu. Na harufu ikanifikia mpaka mlangoni, ya oili, kahawa na mnanaa, na jasho la mtu aliyehangaika. Nilitaka kulia.

Mbwa akainua kichwa. Akatazama nyuma yangu. Akaanza kunguruma.

Corinna akageuka, akamwona. Mwiko ukamtoka mkononi.

"Corinna," Harlan wa nyuma yangu akasema, "ni mimi."

Mdogo wangu alimtazama. Wiki nzima alikuwa akimpikia, akimfulia, akijilazimisha kumgusa. Akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba, akaweka mkono huku na mkono huku.

"Mwondoe," akaniambia mimi, taratibu. "Kaka, tafadhali. Mwondoe."

Hakubisha. Alitazama kitanda kupitia juu ya bega la Corinna, akamtazama mtoto, halafu yule aliyelala. "Msimwamshe," akasema. Akatoka akaenda kukaa kwenye pikapu yangu, upande wake wa siku zote.

Ningempeleka wapi? Nilimpeleka kwangu. Njiani alilia kama mwanamume asiyejua kulia, amefunika uso kwa kofia. Alikumbuka harusi yao. Alikumbuka siku Opal alipozaliwa, barafu barabarani, mimi nimeendesha nikiomba Mungu. Hakuna alichokosea.

"Shemeji," akaniuliza, "niambie ukweli. Mimi nanuka?"

"Unanuka girisi," nikamwambia. "Kama siku zote."

Alishukuru. Nadhani alijua nimemdanganya.

Alikaa chumba cha nyuma hadi theluji ya kwanza. Hakunidhuru. Alinitengenezea breki, akapasua kuni, na jioni tulicheza karata akiniibia kama Harlan anavyoniibia. Asubuhi moja nilikuta chumba kitupu. Theluji ilikuwa imezunguka nyumba yote, laini, na hapakuwa na unyayo hata mmoja. Shuka halikuwa na mkunjo. Juu ya mto iliachwa pete ya ndoa.

Harlan amepona. Anafanya kazi, Opal anatembea sasa, anamfuata kila aendako. Haniulizi habari za mlimani na mimi simwambii. Siku moja alivua pete yake anawe mikono ya oili, akaiacha kando ya sinki, nikapata nafasi ya kuzilinganisha. Zina mkwaruzo mmoja, mahali pamoja. Ndani zimechorwa tarehe ileile, na tarakimu ya mwisho imepinda vilevile.

Nilirudisha yake mahali pake. Ile nyingine ninayo mfukoni, na nikienda kwa mdogo wangu siku hizi Sadie hanirukii tena. Husimama mbali, akanusa, akanipita.