Muhuri wa Dursun Ağa

Vikombe vya kahawa vilivyokwenda sebuleni mchana ule vilikuwa vitatu, na vilivyorudi vilikuwa vitatu. Ila katikati yake palikuwa na bakuli la mti lenye masalio ya mtindi, bado lina joto la kiganja, na Behice hakuwa na bakuli kama hilo nyumbani kwake. Alilinusa. Lilinuka kondoo. Akadhani ni mzaha wa wageni, akaliosha na kuliweka dirishani likauke.

Kati ya jiko lake na sebule ya wanaume palikuwa na kabati la kuzunguka, limejengwa ndani ya ukuta. Unaweka kahawa, unalisukuma, linageuka, na wageni wanakunywa bila kumwona aliyepika. Lakini kabati lile lilificha uso tu, halikuficha maneno. Kwa miaka miwili Behice alisikia reli ikijadiliwa kupitia mbao zake, tangu waliposhindania miaka ambayo kampuni ingeimiliki njia, mpaka wakafika kwenye madini ya kilomita ishirini kila upande. Musyu Garnaud, Mfaransa wa kampuni ya reli, aliomba. Remzi Bey, katibu wa Liwali wa Konya, alipunguza. Na katikati yao mume wake, Nüzhet Efendi, mkalimani wa serikali, alifasiri maneno ya wote wawili mpaka koo likamkauka.

"Musyu," Remzi Bey aliwahi kusema, "ukiendelea hivi utaomba na kofia yangu."

Garnaud akajibu kwamba kofia atamwachia, yeye anataka visima tu.

Visima ndivyo vilivyoleta taabu. Injini hunywa maji, na katika tambarare ile kavu maji yalikuwa kwenye visima vya kijiji cha Akçakuyu. Mkataba ulitaka mihuri ya wakuu wa vijiji saba, kila mmoja akikiri kwamba watu wake wameridhia kuhama. Sita waligonga. Wa saba, mkuu wa Akçakuyu, mchungaji mzee aliyeitwa Dursun Ağa, alimpokea Nüzhet mara tano, akamkirimu mtindi mara tano, na mara tano akakataa. Wazazi wake walizikwa pale, na watoto wake watatu.

Kisha, mwishoni mwa vuli, mzee akafariki, na Nüzhet akarudi kutoka mazikoni na hati ina mihuri saba. Alimwambia mkewe kwamba mzee alilegea alipokuwa kitandani. Behice alimwamini. Alijua pia kwa nini mumewe anaitaka reli ile kuliko hata kampuni yenyewe: mwaka wa njaa alizika wadogo zake wawili wa kike, na ngano ilikuwa ikioza ghalani mwendo wa siku kumi kwa ngamia. "Treni ingeileta kwa siku moja," alizoea kusema, na kila aliposema hivyo macho yalimjaa. Hakuwa mtu mbaya, hata kama mji mzima leo unasema vingine.

Baada ya bakuli ikaja harufu, ya sufu mbichi na moshi wa samadi, ikakaa ndani ya sebule hata madirisha yalipofunguliwa na theluji ikaingia. Kisha kikohozi. Kilitoka nyuma ya kabati saa ambazo sebule ilikuwa tupu, kikohozi cha mzee mwenye subira, mara mbili, halafu kimya. Katika nyumba ile hakuna aliyemwaga maji ya moto bila kuwaomba ruhusa wale wasioonekana, wasiotajwa kwa jina. Behice sasa aliomba ruhusa hata kwa maji baridi, akawa anapita kando ya ukuta ule amebana pumzi.

Halafu asubuhi moja aliingia jikoni akamkuta binti yake wa pekee, Mürvet, mtoto wa miaka sita, amechutama kando ya tanuri, mgongo umepinda, mkono kiunoni, anapiga mluzi mdogo kuwaita kondoo wasiokuwepo, na alipomwita hakugeuka, akamwita tena na tena hakugeuka, akamsogelea na kumgusa begani, na bega lilikuwa gumu, limekauka, na mtoto akainua macho yaliyochoka mno, macho ambayo hayakuwa yake, kisha akayateremsha upesi kama mwanamume mwenye adabu anavyofanya mbele ya mke wa mwenzake, akasema kwa sauti iliyovuta tumbaku miaka hamsini:

"Binti, nisamehe. Hii nyumba ni ya nani?"

Daktari akaja, akatoa dawa ya homa, akaondoka. Wiki ya pili nywele za Mürvet zilianza kutoka nyeupe. Hakula ila mtindi. Akawa anapungua siku hadi siku, na Behice alipombeba hakusikia uzito.

Ndipo akamwita Şerife Hoca, mganga kipofu wa mtaa wa watengeneza matandiko ya farasi. Walimfunika mtoto shuka, mama akashika sufuria ya maji juu ya kichwa chake, na Şerife akamimina risasi iliyoyeyushwa huku akisoma dua. Kwa kawaida risasi hutapakaa vipande vipande vyenye ncha. Safari hii ilikusanyika ikawa duara bapa, yenye mikwaruzo ya herufi. Akaiyeyusha upya, ikarudi vile vile. Mara ya tatu hakuimimina. Aliipapasa tu kwa kidole gumba.

"Mwite mumeo," alisema.

Nüzhet alipoiona duara ile, akaketi sakafuni. Alisema yote bila kuulizwa mara mbili. Muhuri wa mtu akifa huvunjwa, hilo hata watoto wanalijua. Mjane wa Dursun Ağa alimkabidhi muhuri wa mumewe akauvunje ofisini, kwa kuwa ni mtu wa serikali na amekula nyumbani kwao. Aliuvunja, kweli. Lakini kwanza aliugonga.

Behice aliiweka sufuria sakafuni. "Uliniambia alikubali."

"Nilitaka awe amekubali," alisema Nüzhet.

Şerife Hoca hakuwakemea. Kila binadamu, alisema, ana karini wake, jini anayezaliwa naye na kukaa naye mpaka mwisho. Dursun alipokufa karini wake aliachiwa. Akawa njiani kwenda kwao, mara muhuri ukagongwa, akasikia jina la bwana wake likiitwa. "Akarudi mbio," alisema. "Hana ubaya huyu. Amefiwa na mwenziwe wa miaka sabini, na nyinyi mmemwambia yuko hai. Anamtafuta. Mtoto ndiye mlango uliokuwa wazi."

Behice aliuliza kama atapona. Mganga alijibu kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kubeba miaka sabini. Kabla theluji haijayeyuka atakuwa amekufa. Hati ile ifutwe, ili wito ule uwe haujatoka. Ikishindikana, yule aliyeita aitikie mwenyewe.

Mchana uliofuata wageni walikuja kama kawaida, na Behice akasimama nyuma ya kabati, paji la uso limegusa mbao. Alimsikia mumewe akisema kwa Kituruki, kisha kwa Kifaransa, kwamba muhuri wa saba ni wa uongo, kwamba Akçakuyu haijaridhia, na kwamba anaiomba hati.

Garnaud alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Hati ilikwenda Istanbul, Efendi," alisema Remzi Bey taratibu. "Jana simu ya waya imekuja. Sultani ametia idhini. Mihuri ya wafu, mihuri ya walio hai, reli haiulizi. Nenda kalale, umechoka."

Nüzhet aliingia upande wa jikoni bila kubisha hodi. Behice akajua kwamba amekuja kuitikia mwenyewe. Alimshika mkono wa koti, akamsihi kwa sauti ya chini asubiri hata siku moja, watafute mganga mwingine. Yeye akambusu kiganja, akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Mimi ndiye niliyekuita," alimwambia aliyekuwa ndani ya macho yale. "Nimekudanganya, naomba radhi. Mwache binti yangu. Njoo kwangu, jina la bwana wako nitalibeba mimi."

Kikohozi kilisikika mara mbili. Mürvet akalala ubavu, akavuta pumzi ndefu, na alipoamka aliomba mkate na asali kwa sauti yake mwenyewe. Behice alimkumbatia akilia kwa furaha, kisha akageuka.

Nüzhet alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Hakumwangalia usoni.

"Samahani, binti," alisema. "Akçakuyu ni upande gani?"

Behice alifunga lango siku tatu. Alimwita kwa majina ambayo mke humwita mume wanapokuwa peke yao. Yeye akakaa chini langoni, ameelekea tambarare, bila kula, bila kumlaumu mtu. Siku ya nne Behice alimfungia mkate na jibini kwenye kitambaa, akamvika koti zito, akamwonyesha njia.

Miaka minne baadaye reli ilifunguliwa. Kijiji cha Akçakuyu hakikuwepo tena; palikuwa na tangi la maji, kituo kidogo, na kichaa mmoja mwenye kondoo wachache ambaye watu wa reli walimzoea. Behice alimtumia unga kwa treni kila mwezi. Mara moja tu alikwenda mwenyewe, na Mürvet, ambaye alikuwa ameambiwa kwamba baba yake alikufa.

Treni iliposimama kunywa maji, mzee alisogea dirishani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Mürvet akampa mkate, na mzee akauliza yeye ni mtoto wa nani.

"Wa Nüzhet Efendi, wa Konya."

"Aa, namjua. Alikuwa akija kwangu." Mzee alitabasamu. "Mtu mwema yule, ila ana haraka. Msalimie. Mwambie jibu langu ni lile lile. Sikubali."

Treni ilianza kwenda, naye akatembea kando yake hatua chache, ameshika mkate kwa mikono miwili. Behice alikuwa amejifunika shela mpaka machoni. Mürvet alimuuliza mama yake, mzee yule anakataa nini, na walipofika kituo cha pili Behice akamjibu: "Kuhama."